Zima simu, ndege inatua: amri sahihi, sababu iliyochakaa

Ndege ya jioni kutoka Mwanza inagusa lami ya Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Kabla haijapunguza mwendo vya kutosha kukata kona kuelekea jengo la abiria, simu zinaanza kuita. Ujumbe unalia huku, mwingine unalia kule. "Ndiyo tunatua. Umepaki wapi?" anauliza abiria mmoja kwa sauti ya kusikika safu tatu nyuma, huku mhudumu akiwa bado kwenye kipaza sauti anawaomba watu wabaki wamekaa, mikanda imefungwa na simu zimezimwa hadi mlango ufunguliwe. Hakuna anayemsikiliza. Ndege inasimama salama, watu wanashuka, na wanaondoka wakiamini kwamba tangazo lile halina maana.

Amri nyingi hufa namna hiyo. Hakuna anayeifuta, watu huipuuza leo, wakaipuuza na kesho, na kwa kuwa hakuna kinachotokea, kila mmoja anaona mjinga ni yule anayeifuata.

Makala haya yanaitetea amri hiyo, ila hayatetei maelezo yanayoambatana nayo. Kwa miaka mingi abiria wameachwa waamini kwamba simu moja isiyozimwa inaweza kuangusha ndege. Hawaamini tena, na wana haki ya kutoamini. Sababu yenye uzito zaidi iko kwingine, na ni nadra kuisikia kwenye kipaza sauti.

Chimbuko la katazo hili ni redio, wala si simu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 redio ndogo za mkononi zilianza kuenea Marekani na abiria wakawa wanapanda nazo. Redio ya FM inapokea tu, haitangazi. Lakini ili iweze kupokea, ndani yake inazalisha mawimbi yake yenyewe, megahezi 10.7 juu ya stesheni inayosikilizwa. Abiria akifungua stesheni iliyo kwenye 100, redio yake inavujisha mawimbi ya 110.7. Masafa kati ya 108 na 118 ndiyo waliyotengewa marubani kwa ajili ya vituo vya ardhini vinavyowaonyesha njia, pamoja na mitambo inayowaweka katikati ya barabara ya kutulia. Kwa maneno mengine, muziki wa abiria wa kiti cha dirishani ulikuwa unavujia kwenye masafa yaleyale ambayo rubani aliyategemea kuupata uwanja ndani ya mawingu.

Malalamiko yalichunguzwa, na mwaka 1966 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikatoa kanuni. Vifaa vya elektroniki vya abiria visitumike ndegeni, isipokuwa kinasa sauti, kifaa cha kusaidia kusikia, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mashine ya umeme ya kunyolea ndevu. Kisha kukawekwa kipengele cha mwisho: kifaa kingine chochote ambacho shirika lenyewe la ndege limejiridhisha kwamba hakitavuruga mitambo yake. Kipengele hicho ndicho kilichokuja kubeba mzigo wote. Kanuni za Tanzania na Kenya nazo zinafuata msingi huo: mwenye ndege na rubani kiongozi ndio wenye neno. Ndiyo maana abiria anayeunganisha safari anaweza kusikia masharti mawili tofauti kwa siku moja, akadhani mmojawapo anamdanganya.

Simu ya mkononi iliingia kwenye katazo kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1991 aliyeipiga marufuku hewani huko Marekani alikuwa FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano, na hofu yake kubwa ilikuwa minara ya ardhini. Simu iliyo Kariakoo inaonwa na minara michache iliyo jirani, na mtandao umepangwa kwa hesabu hiyo. Simu hiyohiyo ikiwa futi elfu kadhaa angani inaonekana na minara mingi kwa wakati mmoja, na kwa mwendo wa ndege inahama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kasi ambayo mitandao ya wakati ule haikuandaliwa kuimudu. Mwaka 2013 FCC yenyewe ilipendekeza katazo hilo lilegezwe, na mwaka 2020 ikaliondoa pendekezo hilo mezani. Kwa hiyo Mmarekani anayeambiwa asipige simu angani kwa ajili ya usalama wa ndege anatii, bila kujua, kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya minara.

Haishangazi kwamba watu walianza kuhoji. Mwezi Desemba 2011 ukawa mwezi wa kejeli. Mapema mwezi huo mwigizaji Alec Baldwin aliteremshwa kwenye ndege ya American Airlines jijini Los Angeles, baada ya kukataa kuacha mchezo wa maneno aliokuwa akiucheza kwenye simu yake ndege ikiwa bado imesimama getini. Siku chache baadaye, shirika hilohilo likawa la kwanza kuruhusiwa na FAA kuwapa marubani wake vishikwambi vya iPad vichukue nafasi ya mabegi ya ramani na vitabu, vitumike safari nzima, kupaa na kutua kukiwemo. Kwa abiria picha ikawa moja: kifaa cha huku nyuma ni hatari, cha kule mbele ni zana. Kulikuwa na tofauti ya kweli, kwa kuwa vishikwambi vya marubani vilipimwa kwenye aina zile za ndege, na viwili vya aina inayojulikana si sawa na mia mbili vya kila aina. Lakini maelezo hayo yalichelewa sana kuliko vichekesho.

Kamati ikaundwa, ikiwa na watu wa mashirika, viwanda vya ndege, marubani, wahudumu na hata kampuni ya Amazon iliyokuwa ikiuza vitabu vya kusomwa kwenye kioo. Tarehe 31 Oktoba 2013 FAA ilitangaza kuwa mashirika yatakayothibitisha kwamba ndege zao zinahimili mawimbi hayo yanaweza kuwaachia abiria watumie vifaa vidogo kuanzia geti hadi geti, simu zikiwa kwenye hali ya ndegeni. Delta na JetBlue walianza mara moja. Ulaya ilifuata mwezi Desemba mwaka huo, na Septemba 2014 ikaenda mbali zaidi, ikayaruhusu mashirika yaliyofaulu vipimo kuacha simu ziwe hewani safari nzima.

Kwenye Ghuba milango ilikuwa imefunguliwa mapema. Tarehe 20 Machi 2008 abiria wa Emirates kati ya Dubai na Casablanca walipiga simu za mkononi kwa ruhusa, kupitia mnara mdogo uliofungwa ndani ya ndege yenyewe. Ujanja wa mnara huo ni rahisi: simu ikiuona uko hatua chache, haina haja ya kupaza nguvu zake kutafuta mnara wa ardhini, na hivyo mawimbi yake yanabaki hafifu.

Ukisoma historia hiyo yote kwa haraka unaweza kuhitimisha kwamba suala la mawimbi lilikuwa porojo tangu mwanzo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ndege kubwa za kisasa zina kinga nzuri, ila kinga nzuri haijawahi kuwa kinga kamili.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2003, ndege ndogo aina ya Piper Chieftain ilikuwa inashuka kwenye ukungu kuelekea Christchurch, New Zealand, ikiwa na watu 10, rubani akiwa mmoja peke yake. Ilipita chini ya njia sahihi ya kushukia, ikagonga miti kabla ya kuufikia uwanja. Watu wanane walikufa, rubani akiwemo. Wachunguzi walikuta kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imeunganishwa kwenda nyumbani kwake kwa dakika tatu za mwisho. Hawakuifanya simu kuwa chanzo kikuu, kwa sababu rubani alikuwa ameshuka chini ya kimo cha mwisho kinachoruhusiwa bila kuuona uwanja. Hata hivyo waliandika kwamba simu hiyo inawezekana ilikipotosha kifaa kilichokuwa kikimwonyesha mteremko wa kutua.

Mwaka 2014, wakati Marekani imeshafungua milango, FAA iliamuru vioo vya taarifa vya aina fulani vilivyotengenezwa na Honeywell vibadilishwe kwenye zaidi ya ndege 1,300 za Boeing 737 na 777. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba vinaweza kuzimika kwa muda vikipigwa na mawimbi ya Wi-Fi. Haikuripotiwa vikizimika hivyo katikati ya safari, na mashirika yalilalamikia gharama. FAA haikutaka kusubiri hadi itokee.

Halafu ikaja Januari 2022. Kampuni za AT&T na Verizon zilikuwa zinawasha 5G kwenye masafa yaliyo jirani na yale ya altimita ya redio, kile kifaa kinachopima ndege imebakiza futi ngapi kufika chini. Siku ya kuwashwa, tarehe 19, Emirates ilisimamisha safari zake kwenda miji kadhaa ya Marekani, na mashirika ya Japani na India nayo yakakatisha baadhi ya zao, hadi kuwashwa kwa minara iliyo karibu na viwanja kulipoahirishwa. Huo ulikuwa mgogoro wa minara ya ardhini, na mfuko wa abiria haukuhusika. Lakini ulionyesha kwamba watu wanaojua mitambo hiyo kwa undani hawacheki mawimbi yanapokaribia kifaa cha kutulia.

Kuna pia usumbufu ambao hauhitaji mtaalamu kuuthibitisha. Yeyote aliyewahi kuacha simu jirani na redio au spika anaujua ule mlio wa "tit-tit-tit" unaotangulia simu kuita. Marubani nao huupata masikioni, hasa kwa simu zinazotumia 2G, ambazo huku kwetu bado ni nyingi. Simu iliyo mbali na mnara hupandisha nguvu zake, hadi wati mbili kwa zile za 2G, na wakati wa kushuka ndipo simu zote ambazo hazikuzimwa zinapoanza kuutafuta mtandao kwa pamoja. Mwongoza ndege anapotoa kibali cha kutua, au anapoamuru ndege ibaki kwenye futi kadhaa, mlio wa sekunde mbili unatosha kufunika tarakimu moja. Rubani atauliza tena, naye atarudiwa. Mara nyingi inaishia hapo. Ila hakuna sababu ya kumwongezea mtu kazi hiyo saa ambayo mikono na macho yake vimejaa.

Na saa hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Watu wa anga huzungumzia dakika 11: tatu za mwanzo baada ya ndege kuacha ardhi, na nane za mwisho kabla haijagusa. Takwimu ambazo Boeing huzichapisha kila mwaka zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ajali zenye vifo hutokea wakati wa kupaa, kukaribia uwanja na kutua, japo hatua hizo zinakula sehemu ndogo tu ya muda wa safari. Ndege iliyo futi 35,000 ina nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Iliyo futi 300 haina.

Marubani walifungwa mdomo kabla ya abiria kwa sababu hiyo. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na kuua zaidi ya watu 70. Kinasa sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na magari ya mitumba huku ndege ikishuka kwenye ukungu. Baada ya hapo, mwaka 1981, ikawekwa kanuni ya kuwakataza mazungumzo na shughuli zozote zisizohusu kazi ndege ikiwa chini ya futi 10,000. Kanuni hiyo sasa inafuatwa karibu kila mahali.

Simu ikaja kuijaribu kanuni hiyo. Tarehe 27 Mei 2010 ndege ya Jetstar aina ya Airbus A321 ilikuwa inashuka kuelekea Singapore ikitokea Darwin. Ripoti ya wachunguzi wa Australia inasimulia kwamba simu ya kapteni, ambayo hakuizima, ilianza kuingiza ujumbe mmoja baada ya mwingine. Rubani msaidizi, aliyekuwa ameshika usukani, alimwita bila kujibiwa. Kugeuka, akamkuta anashughulika na simu. Magurudumu yalikuwa hayajateremshwa kwa wakati. Ndege ilikatisha kutua ikiwa kwenye futi 392, ikapanda tena, ikazunguka na kutua salama. Mawimbi hayakugusa mtambo wowote siku ile. Kilichovurugwa ni akili ya mtu mmoja mwenye uzoefu, na hilo lilitosha kuifikisha ndege futi 400 bila magurudumu.

Abiria atasema yeye si rubani. Kweli, lakini naye ana kazi katika dakika hizo, na kazi hiyo ni kuwa tayari kutoka. Ndege kubwa ya abiria haipati cheti hadi mtengenezaji aonyeshe kwamba ikijaa inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Majaribio hayo hufanywa na watu walio macho, waliofunga mikanda, wasio na kompyuta mapajani wala waya shingoni. Abiria aliyeziba masikio yote mawili na kuangalia filamu hatasikia amri ya kwanza, na kompyuta mpakato ya kilo mbili iliyoachwa kwenye meza ndogo, ndege ikifunga breki kwa nguvu, itampiga mtu wa mbele kama tofali. Aidha, meza hiyo iliyofunguliwa inamfungia ndani jirani wa dirishani.

Tofauti kati ya utii na ukaidi imeonekana wazi mara mbili. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates kutoka Thiruvananthapuram, India, iliserereka kwa tumbo uwanjani Dubai ikiwa na watu 300. Video zilizorekodiwa ndani zinawaonyesha abiria wakifungua makabati ya juu kutafuta mabegi na kompyuta wakati moshi unaingia. Wote walitoka, ila zimamoto mmoja alikufa ndege ilipolipuka dakika chache baadaye. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani wakati wa kutua ikawaka moto. Watu watano wa ile ndege ndogo walikufa. Wale 379 walitoka wote, na picha zinawaonyesha wakikimbia bila mabegi. Sehemu ya milango ilikuwa haitumiki, na vipaza sauti vya ndani vilikuwa vimekufa, hivyo wahudumu waliongoza watu kwa megafoni na kwa sauti zao. Abiria mwenye vipokea sauti masikioni angeikosa sauti hiyo.

Huku kwetu somo ni la karibu zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500 kutoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43; 19 wakafariki dunia na 24 wakanusurika, wakitokea mlango wa nyuma kwa msaada wa wavuvi waliowahi kufika. Ajali ile haitajwi hapa kwa sababu ya simu. Inatajwa kwa sababu iliwakuta abiria kwenye zile dakika nane, dakika ambazo kwa kawaida mtu anakuwa ameshaanza kufikiria teksi na chakula cha mchana.

Watu husema ajali haina kinga. Usafiri wa anga umefika ulipo kwa kuukataa msemo huo, kwa kuziba tundu dogo baada ya tundu dogo.

Tundu jipya ni betri. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla ya kupaa, baada ya moto kuanzia kwenye kabati la juu la mizigo. Watu wote 176 walitoka. Wachunguzi walielekeza shaka zao kwenye pawabenki. Serikali ya nchi hiyo ikakataza zisiwekwe kwenye makabati ya juu, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates ikapiga marufuku kuzitumia ndani ya ndege zake. Kwa Waswahili wengi wanaopita Dubai kwenda kazini, masomoni au biasharani, hiyo ni kanuni ya kuijua kabla ya kufika uwanjani.

Yapo mabishano mawili ya haki. La kwanza: kitabu kizito hakikatazwi, na anayelala haamshwi, sasa kwa nini simu? Jibu la kweli ni kwamba wanaosema hivyo wana hoja, na ndiyo maana Marekani na Ulaya zimeruhusu simu iliyo mkononi na kuzuia kompyuta kubwa. Amri inayotofautisha kifaa kidogo na kikubwa inaeleweka. Ile inayosema "zimeni vyote" bila maelezo inaalika udanganyifu. La pili: ndege zetu si zile zilizopimwa Ulaya. Hilo nalo ni kweli, na linaelekea upande wa tahadhari. Anayeruka kwenda Mafia, Pemba au Serengeti kwa Cessna Caravan mara nyingi yuko na rubani mmoja, na mara nyingine kiti cha pembeni ya rubani hupewa abiria. Hapo simu iko umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mitambo na kwenye sikio la mtu pekee anayeweza kuitua ndege. Abiria wa kiti hicho anayerekodi video ya mtandaoni ndege ikishuka, huku akimwomba rubani atabasamu, yuko karibu na Christchurch kuliko anavyodhani.

Mashirika ya Afrika Mashariki yana kazi moja rahisi ya kufanya. Tangazo lililokaririwa kwa haraka, Kiingereza kwanza na Kiswahili kikifuata mbiombio, libadilishwe liwe na sababu ndani yake. Linaweza kuwa fupi hivi: "Tunaanza kushuka. Hizi ndizo dakika zinazohitaji umakini zaidi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili marubani wasikie vizuri. Kompyuta iingie kwenye begi chini ya kiti, masikio yawe wazi, na ukiamriwa kutoka, acha kila kitu." Halizidi nusu dakika. Halimtishi mtu kwa jambo asiloliamini, na linampa kazi anayoielewa.

Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya hazihitaji sheria mpya kwa hili. Ziyaagize mashirika yabadilishe maneno hayo, na wakaguzi wao wanapopanda ndege kukagua, wakae kwenye viti vya abiria wasikilize kama yanasemwa na kama wahudumu wanapita kuhakikisha yametekelezwa.